Nani Huyo Ubaoni? (Sehemu ya Saba)

"Huyu siye."

Maneno mawili tu, na ukumbi mzima wa Bwana Stoldo ukanyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mnajua tulivyofika hapa. Aliyekuwa safarini nampa kwa kifupi. Bindo wa Lucca, kijana mwenye soksi ndefu za rangi mbili na mama asiyemwacha hata hatua kumi, alipelekewa picha ya mchumba ambaye hakuwahi kumwona. Akaitazama picha, akakosa usingizi wiki tatu, akaibeba picha, akapanda farasi wake mweupe mpaka Florence. Asubuhi hii akaletewa mchumba mwenyewe, Costanza binti Stoldo. Akamtazama binti. Akautazama ubao wa picha. Akamrudia binti.

"Huyu siye," akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Macho yote yakamgeukia Goro mchoraji, aliyekuwa amesimama kando ya picha yake akitamani kuingia ndani yake.

Hapo ikasikika sauti nyingine, kutoka mlangoni.

"Hata mimi nataka kujua. Ni nani huyo mwanamke?"

Alikuwa Piera, mke wa Goro, na joho lake la kahawia. Mkononi alikuwa na bakuli la utumbo na maharage alilomletea mumewe kwa chakula cha mchana, na usoni alikuwa na kitu ambacho Goro hakuwa amekiona tangu siku ile alipouza mbuzi wa mkewe bila kumwambia.

Na leo, msomaji, nitawapa siri ambayo nimewabania wiki sita nzima. Katika ukumbi ule Goro peke yake ndiye aliyejua jibu. Na jibu lilikuwa limesimama mlangoni, limeshika bakuli.

Naam. Mwanamke wa ubaoni ni Piera.

Ilikuwaje? Costanza aligoma kuchorwa. Siku ya kwanza alisema jino. Siku ya pili, jino la upande wa pili. Siku ya tatu alikaa vizuri kabisa kwenye kiti, ila alimpa mchoraji mgongo. Huku Bwana Stoldo anapiga kelele kwamba picha lazima ifike Lucca kabla ya Pasaka. Goro akarudi kwake akiwa amekariri gauni, amekariri lulu, ila uso hana. Akajitupa kwenye kigoda cha jikoni. Mkewe alikuwa dirishani anachambua maharage, kavua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto la moto, uso kaugeuzia mtaani. Goro akachukua kipande cha mkaa. Akachora. Piera hakugeuka hata mara moja, maana chini mtaani mwoka mikate alikuwa anagombana na mama mkwe wake, na ugomvi ulikuwa mtamu.

Kesho yake Goro akaenda kuimalizia picha kwenye ghala la Bwana Stoldo. Akampa yule mwanamke paji la uso refu kama wanavyotaka mabibi wa siku hizi, akamfunga nywele kwa lulu, akamvika gauni la Costanza. Bwana Stoldo alipokuja kukagua, alikagua lulu, akakagua tarizi za mikono, akasema kazi ni safi. Uso hakuutazama.

Na Piera mwenyewe? Kioo cha nyumba yao ni ndoo ya maji, na ndoo humwonyesha mtu uso wake wa mbele tu. Kwa upande hajawahi kujiona tangu azaliwe.

Haya, turudi ukumbini.

"Fundi Goro," alisema Bwana Stoldo polepole. Bwana Stoldo akianza kusema polepole, watumishi wake hukumbuka kazi za nje. "Nilikupa binti yangu umchore."

"Ndiyo, bwana."

"Ukamchora?"

"Nili... nilichora."

"Ulimchora nani?"

"Nimemtoa kichwani, bwana. Ni wa kubuni tu. Hayupo."

Bindo akashika kifua. "Hayupo?"

"Yupo!" alisema Piera. Akaliweka bakuli juu ya sanduku la nakshi lililokuwa kando ya ukuta, akaenda kusimama mbele ya picha, mikono kiunoni. "Jamani njooni mtazame hapa, chini ya sikio. Mnaona? Kidoa cheusi. Sasa niambieni, nani anabuni kidoa? Mwanaume akibuni mwanamke, anambuni safi. Kidoa kama hiki hukijui mpaka umekaa karibu. Na si karibu ya kuazima chumvi."

Bi Telda, mama yake Bindo, mjane mnene mwenye pete kila kidole, alisogea akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Mama huyu anasema kweli," akatangaza. "Marehemu mume wangu aliishi na mimi miaka ishirini na tatu, changu hakukiona."

Goro hakujua acheke au alie. Kile kidoa kilikuwa palepale, chini ya sikio la mkewe, kimefichwa na kitambaa alichojifunga mpaka kidevuni kama wake za watu wanavyojifunga. Piera alikuwa ananyooshea kidole kidoa cha watu huku cha kwake kiko shingoni.

"Sikiliza, fundi," alisema Bwana Stoldo. "Harusi hii ikivunjika kwa sababu ya brashi yako, hutashika brashi tena ndani ya kuta za mji huu. Nitakwenda mwenyewe kwa wakuu wa chama chenu cha wachoraji. Na kabla sijaenda, vijana wangu wa ghalani watakuteremsha ngazi zile. Zote. Bila kutumia miguu yako."

"Mzee, usimtishe!" Bindo alidakia, macho yanamwaka. "Fundi, kaka yangu, niambie tu yuko wapi. Nitamwoa leo hii hii. Kama ana baba, nitampigia magoti. Kama ana mume..." akashika mpini wa upanga, "... huyo nitampiga tu."

Mume akautazama mpini huo.

"Amekufa," Goro alisema.

Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya.

Bindo aliyumba. Akarudi nyuma hatua mbili, akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya sanduku la nakshi. Yaani juu ya bakuli.

Hakuna aliyecheka. Msiba ni msiba.

"Amekufa lini?" aliuliza Piera.

"Kwaresima."

"Kwaresima wewe uliniambia uko kwa watawa, unawachorea ukuta wa chumba cha chakula."

"Nilikuwa huko."

"Na yeye alikuwa huko? Kwenye nyumba ya watawa wanaume?"

"Alikuwa anapita."

"Alipita kufa?"

"Jina lake nani, tumwombee?" aliuliza Bi Telda, akijiandaa kupiga ishara ya msalaba.

Goro alitafuta jina kwenye dari, kwenye zulia, kwenye viatu vyake. "Ermellina."

"Ermellina wa wapi?"

"Wa Ferrara. Alikuwa... alikuwa mjane."

Mkono wa Bi Telda uliganda katikati ya msalaba. "Mjane? Bindo, simama. Mwanangu haoi mjane."

"Mama, mwenzio amekufa!"

"Hata kama amekufa."

Basi kelele zikaanza. Bwana Stoldo anamfokea Goro, Bi Telda anamfokea Bwana Stoldo, Bindo analia juu ya utumbo wa watu. Na katikati ya kelele hizo Piera hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na sufuria yake, na kwa sababu alisema taratibu wote wakanyamaza kumsikia.

"Miaka kumi na miwili, Goro. Nimekuvunjia mayai ya kukorogea rangi. Nimekusagia mawe mpaka nikaenda harusi ya mdogo wangu na kucha za kijani, watu wananiuliza naumwa nini. Siku moja tu nilikuomba unichore. Hata kwenye kitako cha ndoo, nikasema. Ukaniambia huna nafasi. Huyu umempa buluu ya jiwe, ile ya ng'ambo, uliyoificha ndani ya soksi nisiiguse."

"Piera..."

"Uzuri wake sikulaumu. Ni mzuri. Ameumbwa, mwenzangu. Lakini si uzuri unaoniuma." Akautazama ubao. "Aliyemchora huyu alimtazama kwa makini. Inaonekana, hata kipofu angeona. Mimi hujanitazama hivyo hata siku moja."

Goro jibu alikuwa nalo. Angesema! Maneno matatu tu yangetosha. Lakini kulia kwake palikuwa na upanga wa Bindo, kushoto palikuwa na ngazi za Bwana Stoldo. Kumchora mke wako na kumpeleka Lucca kama binti wa tajiri si kosa la kusamehewa kwa kuombwa radhi.

Akajiona mdogo kuliko nzi aliyekuwa anatembea kwenye ukingo wa bakuli.

Sasa, mtu mmoja katika ukumbi ule alikuwa na furaha, naye ni Costanza. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, kama binti aliyelelewa. Lucca hakuitaka, soksi za rangi mbili hakuzitaka, na mama mkwe mwenye pete kumi ndiyo kabisa. Kila Bindo alipolia, yeye alipona kidogo.

Na pale kigodani alipokaa, aliweza kumwona Piera kwa upande, na nyuma ya Piera, ubao.

Pua ya huku. Pua ya kule.

Kidevu cha huku. Kidevu cha kule.

Costanza akaziba mdomo kwa kiganja. Akatulia mpaka kicheko kimeshuka tumboni, kisha akainuka.

"Baba, huyu mama ameshtuka vibaya. Niruhusu nimpeleke chumbani kwangu anywe maji. Na mumewe aje amshike, asije akaniangukia."

"Nendeni," alisema Bwana Stoldo. "Fundi, hesabu tu kwamba nipo mlangoni."

Mlango wa chumba ulipofungwa, Costanza aliuegemea kwa mgongo.

"Fundi, mwambie."

"Nimwambie nini, bibi?"

"Unamwambia mwenyewe au nimwambie mimi?"

Goro alimtazama mkewe. Piera alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amegeukia ukutani, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyafuta.

"Ni wewe," alisema Goro.

"Mimi nini?"

"Kwenye ubao. Ni wewe."

Piera alisimama, akamsogelea, akamzaba kofi ambalo Bwana Stoldo alilisikia kule ukumbini akaridhika.

"Umenidanganya, nimevumilia. Umetembea na mwanamke, nimesikia mbele za watu. Sasa na kunidhihaki juu? Mimi na yule! Mimi niliyeamka leo nikasugua sufuria kwa majivu!"

"Haki ya Mungu, Piera..."

"Usimtaje Mungu, ana kazi zake."

Costanza hakupoteza maneno. Alichukua kioo chake kidogo kilichotoka Venisi, akamkabidhi Goro akishike kando ya uso wa mkewe. Akaangusha vikorokoro vyote vilivyokuwa juu ya sinia la fedha, akalifuta kwa gauni lake mpaka likang'aa, akalishika mbele.

"Mama, vua kitambaa. Usigeuke. Tazama kwenye sinia, lakini tazama kile kilicho ndani ya kioo."

Piera alivua kitambaa kwa hasira. Akatazama.

Kwanza hakuona kitu. Goro akasogeza kioo kidogo.

"Huyo ni nani?" Piera aliuliza.

Akainua kidole kugusa pua yake. Mwanamke wa kwenye sinia naye akainua kidole.

Nje kengele za kanisa zilianza kugonga adhuhuri, zikagonga mpaka zikamaliza.

"Pua ya baba," alisema Piera. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama alikuwa akiniambia, una pua ya baba yako wewe, nami nadhani ananichokoza. Baba alikufa sijaanza kutembea. Sikuwahi kumjua sura."

Kidole kikashuka polepole mpaka chini ya sikio.

"Na hiki?"

"Kiko hapo tangu nilipokuoa," alisema Goro.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unakijua."

"Nitakijuaje, kwani nina shingo ya bundi?" Akavuta makamasi. "Ulinichora lini?"

"Siku ya mwoka mikate na mama mkwe wake."

"Siku ile? Goro! Nilikuwa na moshi kichwa kizima!"

"Moshi sikuuchora."

Piera alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Akampiga mumewe begani, lakini hiki kilikuwa kipigo cha nyumbani, kisichoacha alama.

"Na lile kofi sasa nitalirudishaje?"

"Liache. Nilikuwa nalo deni la tangu yule mbuzi."

Costanza aliweka sinia chini. "Mmepatana? Vizuri. Basi sikilizeni. Nyinyi mkinyamaza, mimi nanyamaza. Marehemu Ermellina abaki amekufa. Yule kijana alie mpaka achoke, arudi kwao, na mimi nipone. Sawa?"

"Sawa," alisema Goro, ambaye hakuwahi kusikia mpango mzuri kuliko huo.

"Tangulia, mume wangu," alisema Piera. "Tuna mazungumzo kidogo ya wanawake."

Goro akatangulia. Baada ya muda mfupi Piera naye akatokea, kitambaa kimefungwa vizuri, uso umeoshwa, akasimama mbele ya wakubwa akatangaza kwamba amemsamehe mumewe, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, na yeye atamwashia mshumaa.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama siagi kwenye kikaango. Kikaenda hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi tatu.

Kwa sababu wakati wao wako chumbani, Bi Telda alikuwa ameketi akafikiri.

"Tumesafiri siku mbili," alisema. "Kitako changu hakijapona. Huyo mjane amekufa, Mungu amrehemu. Binti wa hapa ni mzima, ana meno yote, nimeyaona. Mwanangu atamwoa huyu aliye hai. Bindo, futa pua."

"Mama, moyo wangu..."

"Moyo utakuja nyuma na mizigo. Ila picha ile haitundikwi kwangu ikiwa na uso wa mjane."

Bwana Stoldo aliruka kama kijana. "Bi Telda, hilo ni dogo sana! Lulu ni za binti yangu. Gauni ni la binti yangu. Kilichokosewa ni uso tu. Fundi! Kwangua huo uso, sasa hivi, mbele yetu. Costanza atakuja kukaa hapa, nitamshika kichwa kwa mikono yangu miwili, na utamchora. Menica! Nenda kamwite bibi yako."

Menica, mtumishi mkongwe ambaye kila goti lake lina malalamiko yake, akaanza safari ya kwenda chumbani.

Kisu kikaletwa. Kisu kizuri, chembamba, cha kukatia jibini.

Goro akakipokea.

Fikiria, msomaji. Kazi ya nusu saa! Akwangue rangi ile, na shida zake zote zianguke chini pamoja na unga wake. Harusi iwepo, chama kisimfukuze, ngazi za Bwana Stoldo ateremke kwa miguu yake mwenyewe, na upanga wa Bindo ubaki alani. Hata mpango wa Costanza ukivunjika, Costanza si binti yake.

Akaweka ncha ya kisu kwenye paji la uso, pale juu, kwenye ngozi aliyoipaka tabaka baada ya tabaka, akisubiri kila moja likauke.

Piera alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Akasogea kama mtu anayetaka kuona vizuri, akamnong'oneza.

"Kwangua, Goro. Nimeshajiona. Inanitosha."

Kisu hakikusogea.

"Fundi?" aliita Bwana Stoldo.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Goro alishusha kisu. Maishani mwake alikuwa amewaambia matajiri ndiyo, bwana, vyema, bwana, kama unavyopenda, bwana. Aliwahi kumchorea mtu mtakatifu mwenye sura ya mbwa wake kwa sababu aliagizwa. Sasa alisikia mtu anajibu ndani ya ukumbi, akashangaa kukuta ni yeye.

"Sitaki."

"Umesemaje?"

"Nimechora watakatifu arobaini, bwana, na mashetani sikumbuki wangapi. Hakuna hata mmoja niliyemjua. Huyu namjua. Nichapeni, nifukuzeni, uso huu siukwangui."

"Uso wa nani?" Bwana Stoldo alinguruma. "Ermellina ni nani kwako?"

"Hakuna Ermellina. Ni mke wangu."

Bi Telda aliketi bila kutazama kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Piera alimtazama mumewe kwa muda mrefu kidogo. Kisha, bila haraka, akafungua fundo la kitambaa chini ya kidevu, akakivua, akakikunja mara mbili. Akaenda kusimama kando ya ubao, akawageuzia watu ubavu wa uso, akainua kichwa.

Lulu hakuwa nazo. Tarizi hakuwa nazo. Nywele zilikuwa za mtu aliyeamka kusugua sufuria. Lakini mstari ule ulioanzia kwenye paji, ukashuka kwenye pua ya baba yake, ukapita midomoni ukaishia kidevuni, ulikuwa mmoja, mara mbili.

Bi Telda alinyoosha kidole chenye pete mbili. "Na kidoa hicho hapo."

"Yu hai," alinong'ona Bindo. Machozi yalimkauka papo hapo. "Mama, yu hai! Yu..." Uso ukamkunjamana. "Ana mume."

Upanga ukatoka alani, shwaa!

Goro aliinua silaha yake. Kile kisu cha jibini. Hakurudi nyuma, na aliyemjua Goro miaka yote angelipa kiingilio kuona hilo.

"Nimesema nitampiga, na nitampiga!" Bindo alipiga kelele, akapiga hatua.

"Bindo," alisema mama yake. "Rudisha kitu hicho. Una maharage makalioni."

Bindo aligeuza shingo kujitazama nyuma. Na pengine hapo ndipo mambo yangetulia, watu wakacheka, mvinyo ukaletwa, kama Menica asingetokea mlangoni wakati ule ule, ameshika goti moja, anahema.

"Bwana. Binti hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Chumbani, bwana. Nimetazama chini ya kitanda, nimefungua makabati. Hayupo."

Bwana Stoldo hakuuliza la pili. Alitoka hadi juu ya ngazi akamwita bawabu kwa sauti iliyowaamsha njiwa wa kanisa zima. Bawabu akapanda mbio, kofia mkononi.

"Nani ametoka katika nyumba hii?"

"Hakuna mtu, bwana."

"Una hakika?"

"Kabisa, bwana. Nimekaa palepale. Ila mke wa fundi tu."

Ukumbini watu wakatazamana.

"Mke wa nani?"

"Wa fundi mchoraji, bwana. Ameteremka kwa ngazi za uani, amejifunika lile joho lake la kahawia mpaka puani, analia, maskini, nikamwonea huruma. Akaniambia mgeni wa Lucca amemwazima farasi wake mweupe kwa ajili ya msiba. Nikamshika mguu akapanda. Anapanda vizuri sana kwa mtu wa mtaa ule, nilishangaa."

"Farasi wangu!" Bindo akaangusha upanga.

Bawabu aliona watu wanamtolea macho, akachungulia ndani ya ukumbi, na kule ndani, kando ya ubao, akamwona mke wa fundi, kichwa wazi, mabega wazi, joho hana.

Akaivaa kofia yake kinyumenyume.

Bwana Stoldo aligeuka. Alipoanza kusema, alisema polepole kuliko siku zote.

"Mama. Joho lako liko wapi?"

Goro naye akamgeukia mkewe. Piera alikuwa ameinua uso anatazama dari, ametulia kabisa, kama mtu anayechagua boriti ipi ameipenda.